Mgeuko Usiotarajiwa katika Riwaya za Mauaji: Uchambuzi kutoka Nakuru na Bonde la Ufa

Mgeuko usiotarajiwa ni pale riwaya ya mauaji inapomlazimisha msomaji kuyaacha maelezo aliyoyaamini tangu sura za mwanzo na kushika mengine. Aliyedhaniwa shahidi hutokea kuwa muuaji. Ajali hugeuka kuwa njama, na yule mtu mpole aliyekuwa akimwaga chai katika sura ya pili huonekana kwa sura nyingine kabisa. Si kila habari ya kushtua huwa mgeuko. Maiti ya pili ikipatikana, taharuki hupanda, lakini maana ya yaliyokwisha kusomwa haibadiliki. Mgeuko hurudi nyuma na kuyapa maneno yaleyale maana mpya.

Jambo hili ni la kale kuliko riwaya yenyewe. Aristotle aliwasifu watunzi ambao matukio yao hutokea kinyume cha matarajio na papo hapo yakawa yamezaliwa na yale yaliyotangulia. Mfano wake mkuu ulikuwa tamthilia ya Sophocles, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kama Mfalme Edipode katika tafsiri ya Samuel Mushi: mfalme anaapa kumsaka aliyemuua mtangulizi wake, na upelelezi wake unamrudia yeye mwenyewe. Masharti mawili ya Aristotle, mshangao na sababu, bado ndiyo mizani bora ya kupimia mgeuko wowote. Mshangao ni rahisi kuupata. Mwandishi yeyote anaweza kumleta mgeni mwenye bunduki katika ukurasa wa mwisho. Kazi iko kwenye sababu.

Msomaji anayekutana na mgeuko mzuri hupitia hali zinazofanana popote alipo. Kwanza hukataa. Aliyefika ukurasa huo ndani ya matatu ya kutoka Njoro kwenda mjini Nakuru huisoma aya mara mbili, akidhani ameruka mstari. Kisha huanza kufunua kurasa za nyuma kutafuta pale alipodanganywa. Hapo ndipo hukumu hutolewa. Akikuta kwamba dalili zilikuwepo naye akazipita, hasira yake hugeuka kuwa heshima kwa mwandishi. Akikuta kwamba hakuna kitu, hukifunga kitabu akijiona ameibiwa. Hatua inayofuata huhusisha watu wengine: hutafuta mwenzake aliyekisoma, maana mshtuko wa aina hii ni mzito kubebwa na mtu mmoja.

Kuna hila ya akili inayoingia hapo. Tangu utafiti wa Baruch Fischhoff wa mwaka 1975, wanasaikolojia wameonyesha kwamba mtu akishajua matokeo, hujiona kama aliyajua tangu awali. Ndiyo maana katika kila kundi la wasomaji hakosekani anayesema alimshuku muuaji mapema. Mara nyingi hasemi uongo. Kumbukumbu yake imejipanga upya baada ya jibu kujulikana, na mwandishi hodari huitumia tabia hiyo: hutaka msomaji amalize akiamini kwamba hakuna mwisho mwingine uliowezekana.

Suala la haki kati ya mwandishi na msomaji lilijadiliwa sana Uingereza katika miaka ya 1920. Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, alitoa amri zake 10 mwaka 1929: muuaji awe ametajwa mapema, msaada wa miujiza usitumike, dalili anayoiona mpelelezi msomaji naye aonyeshwe. Miaka mitatu kabla yake, Agatha Christie alikuwa amechapisha The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ambayo msimulizi wake, daktari wa kijiji, ndiye muuaji. Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba wamefanyiwa hila. Dorothy Sayers, mwandishi mwenzake, alimtetea, akishikilia kwamba ni juu ya msomaji kumshuku kila mtu.

Kitabu hicho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Usiku wa mauaji daktari anasimulia kwamba barua zililetwa ndani saa mbili na dakika arobaini, na kwamba alipotoka chumbani ilikuwa imekaribia saa mbili na dakika hamsini. Hayo yote ni kweli. Asichokisema ni alichokifanya katika zile dakika kumi, na ndizo alizotumia kuua. Msomaji wa mara ya kwanza hupita hapo bila kusimama, kwa kuwa kutaja saa kunaonekana kama uangalifu wa mtu mwaminifu. Msomaji wa mara ya pili hukuta shimo lililo wazi katikati ya aya. Hakuna neno la uongo lililoandikwa, na udanganyifu wote umefanywa kwa kunyamaza. Kwa kipimo hicho Sayers alikuwa sahihi na walalamikaji walikosea.

Katika Kiswahili, njia ilifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kitabu mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa mwenye kiko, akiandamana na rafikiye Najum. Mgeuko wa Abdulla ni wa aina yake. Watu wa kisiwani wanaamini kwamba mauaji yametendwa na nguvu za mzimuni, na Bwana Msa anaonyesha mkono wa binadamu nyuma ya kivuli hicho. Kwa hiyo msomaji hubadilisha mshukiwa na pia hubadilisha namna yake ya kueleza dunia. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakaipeleka riwaya ya Tanzania kwenye ujasusi na mbio za miji mikubwa. Humo swali la nani kaua mara nyingi hulipisha swali la nani atapona. Riwaya hizo husisimua sana, ila si nyingi zinazomrudisha msomaji kurasa za nyuma.

Bonde la Ufa la kati lina historia yake katika jambo hili, na inaanzia kwenye ngano. Katika ngano za Agikuyu, msichana mrembo huwakataa vijana wa kwao na kumfuata mgeni mtanashati aliyekuja kwenye ngoma. Mgeni huyo ni zimwi: nyuma ya kichwa, chini ya nywele ndefu, ana mdomo wa pili. Wasikilizaji hupewa dalili kabla ya msichana, pale nzi anapotua kisogoni na kutoweka ndani ya nywele. Watoto wanaosimuliwa hujua, msichana hajui, na kelele zao za kumwonya ni sehemu ya utamu. Mshangao hapa ni wa mhusika. Wa msikilizaji ni hofu. Jamii za Kalenjin nazo zina zimwi lao, chemosit. Aliyelelewa kwa ngano hizi hufika kwenye riwaya akiwa amezoea kumchunguza mgeni mwenye sura nzuri, na mazoea hayo ndiyo waandishi wa eneo hili wameyageuza juu chini.

Kabla ya waandishi hao, lakini, eneo lenyewe lilikuwa na visa vya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Earl wa Erroll, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi. Nyumba iliyompatia sifa ilikuwa Oserian, jumba jeupe la ufukweni mwa Ziwa Naivasha ambalo walowezi waliliita Djinn Palace. Aliyeshtakiwa alikuwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa na uhusiano na marehemu. Ushahidi ulionekana kumzunguka pande zote, hadi wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, alipojikita kwenye risasi zenyewe na kuonyesha kwamba alama zilizoachwa na mtutu hazikulingana na bastola ya Colt ambayo upande wa mashtaka uliitegemea. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton akaachiliwa. Mwaka uliofuata alijiua huko Liverpool. Diana alibaki Kenya, akaolewa na Gilbert Colvile wa Naivasha na baadaye na Lord Delamere wa Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita.

Kesi hiyo imezaa vitabu vingi, na kila kimoja kimeleta mgeuko wake. James Fox katika White Mischief ya 1982 alirejea kwa Broughton. Errol Trzebinski, mwaka 2000, akaelekeza macho kwa idara za siri za Uingereza. Wasomaji wameshangazwa mara kadhaa na hakuna aliyeridhishwa, kwa sababu ndogo: mgeuko usioweza kuthibitishwa ni dhana tu, hata uwe wa kuvutia kiasi gani. Riwaya ina faida ambayo historia haina. Mwandishi wake anajua.

Kisa kingine kinagusa Naivasha kwa njia tofauti. Joy Adamson, aliyeishi Elsamere kando ya ziwa hilo na kupata umaarufu kwa kitabu chake kuhusu simba Elsa, alifariki tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba, kaskazini. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba. Zilikubalika mara moja, maana zilikuwa na umbo la hadithi: mwanamke aliyeyatoa maisha yake kwa simba amemalizwa na simba. Uchunguzi ukakuta majeraha ya silaha yenye ncha kali, na mfanyakazi wake wa zamani akatiwa hatiani. Kisa hiki kinaonyesha jinsi mgeuko unavyofanya kazi vizuri kuliko mifano mingi ya kubuni. Msomaji hapotoshwi na uongo mgumu. Hupotoshwa na maelezo yanayopendeza, yaliyokamilika kiasi kwamba hakuna anayeuliza swali la ziada.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliielewa hali hiyo mapema. A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967, inafuatilia siku chache kabla ya Uhuru wa Desemba 1963. Kihika, mpiganaji aliyeongoza uvamizi wa kituo cha polisi cha Mahee katika Bonde la Ufa, alisalitiwa na kunyongwa. Mahee ni jina la kubuni, lakini mtu wa Naivasha hahitaji kuambiwa: kituo cha polisi cha mji wake kilivamiwa na wapiganaji wa Mau Mau Machi 1953. Wanakijiji wanamshuku Karanja, aliyewatumikia wakoloni, nao wanamwandaa Mugo, mkimya aliyeteswa kizuizini, ahutubie siku ya Uhuru. Msaliti ni Mugo. Ukirudi nyuma unakuta kimya chake, ambacho kijiji kilikisoma kama ushujaa, kilikuwa mzigo wa hatia tangu ukurasa wa kwanza. Wasomaji wengi, baada ya mshtuko, humhurumia kuliko kumchukia, na hilo ni mafanikio makubwa, kwani mgeuko wa kawaida humgeuza mhusika kuwa mbaya tu.

Petals of Blood ya mwaka 1977 ni riwaya ya mauaji waziwazi. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe, Mzigo, Chui na Kimeria, wanafia motoni Ilmorog, na Inspekta Godfrey anawahoji washukiwa wanne: Munira, Karega, Wanja na Abdulla. Inspekta anamaliza kazi yake: Munira, mwalimu aliyezama katika dini, ndiye aliyewasha moto. Lakini msomaji anapata jambo ambalo faili la polisi halina. Kabla ya moto huo, Wanja alikuwa amekwisha kumpiga Kimeria kwa panga. Sheria inaondoka na ukweli mmoja na msomaji anabaki na miwili. Uamuzi wa Ngũgĩ wa kutoufikisha ukweli wa pili kwa Inspekta ndio unaoifanya riwaya hii ipite upelelezi wa kawaida, kwa sababu mzigo wa kuhukumu unahamishiwa kwa aliyeshika kitabu.

Riwaya iliyopandwa Nakuru kwenyewe ni The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji, iliyopata Tuzo ya Giller ya Kanada mwaka 2003. Vikram ni mtoto wa familia ya Kihindi yenye duka mjini Nakuru mwaka 1953. Anacheza na dada yake Deepa, na Njoroge, na watoto wawili wa familia ya Kizungu, Bill na Annie Bruce. Familia ya Bruce inauawa usiku nyumbani kwao. Wasomaji wa hapa hukumbuka mauaji ya kweli ya familia ya Ruck huko Kinangop, Januari mwaka huohuo. Vassanji hakuficha kwamba msimulizi wake ana hatia. Vikram anajitambulisha mwanzoni kabisa kuwa ni mmoja wa mafisadi wakubwa wa bara hili. Kilichofichwa kiko karibu zaidi, ndani ya ukoo wa dukani, kwa mjomba Mahesh na huruma yake kwa wapiganaji wa msituni, na kwa mtoto anayejua zaidi ya wakubwa wake na kunyamaza. Msomaji anayekumbuka zile dakika kumi za daktari wa Christie atakutana hapa na kimya cha namna nyingine, cha mtoto anayewalinda watu wake.

Kinyanjui Kombani, aliyekulia upande huu wa Bonde la Ufa, alichapisha The Last Villains of Molo mwaka 2004, na Longhorn wakaitoa tena mwaka 2012. Vijana waliotoka Molo baada ya ghasia za 1992 wanaishi Ngando, Nairobi, wakiwa wameizika siku moja ya zamani ambayo haikukubali kuzikwa. Riwaya ina mapenzi, vifo na utambulisho unaofichwa, na uchambuzi huu hautataja nani ni nani, kwa kuwa kitabu bado kinapata wasomaji wapya. Inatosha kusema kwamba hatari haitoki kule ambako ngano za utotoni zimewafundisha wasomaji kutazama.

Kazi hizi nne zinafanana kwa jambo moja. Christie humtoa muuaji katika chumba cha wageni, na Musiba humleta kutoka mtandao wa kigeni. Waandishi waliolitazama Bonde la Ufa humtoa katika ua wa jirani, darasani, dukani, au katika kundi la marafiki waliokula sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Sababu ziko katika historia ya makazi. Mashamba ya walowezi yalivuta vibarua kutoka kila upande. Baada ya 1963 mipango ya kugawa ardhi ilileta familia mpya kando ya wenyeji. Na uchaguzi baada ya uchaguzi, tangu 1992, ulirudisha swali la nani ana haki ya kuwapo. Katika mazingira hayo, mshangao wa kujua kwamba jirani ana siri humgonga msomaji mahali pengine kabisa kuliko mshangao wa kugundua kwamba mnyweshaji wa Kiingereza alikuwa na funguo ya pili.

Hapo pia ndipo ulipo ugumu wa pekee wa kusoma mafumbo ya mauaji katika eneo hili. Tume ya Jaji Akiwumi ilikamilisha ripoti yake kuhusu ghasia za kikabila mwaka 1999, nayo haikuwekwa wazi hadi 2002. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini, Nakuru na Naivasha zikiwa kati ya sehemu zilizoumia sana, Tume ya Jaji Waki iliweka majina ya washukiwa katika bahasha iliyofungwa. Oktoba 2008 bahasha ilikabidhiwa kwa Kofi Annan. Julai 2009 ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 15 Desemba 2010 mwendesha mashtaka alitangaza majina sita ya washukiwa wake. Kesi inayohusu Nakuru na Naivasha iliondolewa Desemba 2014, na ya mwisho ikasitishwa Aprili 2016, bila mtu yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia zenyewe. Mukoma wa Ngũgĩ aliandika riwaya ya upelelezi, Black Star Nairobi ya 2013, juu ya msimu huohuo wa uchaguzi.

Msiba wa watu si burudani, na bahasha ile haikuwa fumbo la kujifurahisha. Lakini msomaji haachi maisha yake mlangoni anapofungua kitabu. Aliyeishi miaka akingoja majibu yasiyokuja huifikia sura ya mwisho ya riwaya akiwa na njaa ambayo msomaji wa mahali pengine hana. Njaa hiyo humfanya awe mkali kwa mgeuko wa ulaghai: ndugu pacha ambaye hajawahi kutajwa, ndoto iliyokuwa ikisimuliwa muda wote, sadfa inayomwangusha muuaji mikononi mwa polisi. Ukali huo ni wa haki. Yupo pia mwandishi anayemaliza bila jibu na kudai kwamba hivyo ndivyo maisha yalivyo. Pengine ni kweli, ila kwa wasomaji hawa amewapa kile walichonacho tayari.

Limebaki suala la kufichua mwisho kwa asiyesoma. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha jaribio lililotumia hadithi fupi 12, na wakakuta kwamba waliodokezwa mwisho mapema walizifurahia zaidi, hata zile za mafumbo. Matokeo hayo husaidia kueleza kwa nini ngano ya zimwi husimuliwa kwa watoto walewale kila mara na bado hulilia irudiwe. Hata hivyo, kujua mwisho wa hadithi fupi si sawa na kujua mwisho wa riwaya ya kurasa mia nne. A Grain of Wheat huvumilia kufichuliwa, na ndiyo maana mwisho wake umetajwa hapa, kwa sababu uzito wake uko katika namna Mugo anavyofika kwenye kukiri. Simu ya Kifo au riwaya yoyote inayoegemea swali la nani peke yake, hupoteza nusu ya thamani.

Vassanji, Kombani na Ngũgĩ wa vitabu hivi viwili waliandika kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachosikika soko kuu la Nakuru, stendi ya Gilgil na mashamba ya maua ya Naivasha, kati ya watu ambao lugha zao za nyumbani ni nyingi, na ndicho wanachotumia kushukiana, kuulizana na kupatanishwa. Waandishi wa Kiswahili wa eneo hili na wachapishaji wao wana deni la wazi: riwaya ya mauaji itakayoanzia hapa, kwa lugha hii, yenye dalili zilizopandwa kwa uaminifu tangu sura ya kwanza na jibu linalotolewa katika sura ya mwisho.